Benchi Lisilo na Mandhari

Bogna Pietruszka aliombwa michoro mwezi Oktoba.
Hadi Januari hakuwa amechora hata mstari.
Diwani Skowron akapiga simu, akapiga tena,
mimi ndiye niliyepokea, mimi ndiye niliyedanganya:
"Yuko kazini, mheshimiwa."
Na kweli alikuwa kazini: ameketi dirishani,
ghorofa ya tatu ya kiwanda cha kutia nguo rangi
kilichokufa kabla sijazaliwa,
chupa ya chai mapajani, miguu ndani ya blanketi,
anaisubiri theluji.

Chini yetu, uwanja wa matofali yaliyosagika,
ekari kumi na moja katikati ya Łódź
ambazo kila mtu alishajua la kuzifanyia:
maegesho, alisema mmoja; maduka, alisema mwingine.
Diwani alitaka bustani, lakini bustani ya adabu,
yenye uzio wa mikuki, lango la kufungwa saa mbili usiku,
na mabenchi yaliyogawanywa kwa vyuma
ili mtu akae, asilale.

Ikaanguka usiku wa Jumanne.
Alfajiri akanitikisa bega: "Andika, Gracjan."
Saa kumi na moja na robo, nesi wa zamu ya usiku,
kutoka geti la hospitali hadi kituo cha tramu,
hakupinda hata hatua.
Saa kumi na mbili, waoka mikate watatu,
wa nyuma akikanyaga alipokanyaga wa mbele.
Kisha watoto, na watoto hawana mstari,
wana kilima: rundo la vifusi upande wa kaskazini
ambalo mkandarasi alikwisha lipwa kulisomba.
"Libaki," akasema. "Limeshapata wenyewe."
Kisha mzee na mbwa. Mbwa ndiye aliyeamua.

Kufikia adhuhuri uwanja wote ulikuwa umeandikwa.
Penseli yake ikafuata tu, kama mwanafunzi anayenakili ubaoni.
Penye nia pana njia, husemwa;
yeye alisahihisha: penye nyayo.

Lakini zilikuwapo nyayo za mtu mmoja zilizotusumbua.
Za kiatu chembamba, zilitoka geti la hospitali,
zikafika kati, zikasimama.
Theluji pale ilikuwa imekanyagwa duara,
duara juu ya duara,
kisha zikarudi zilikotoka.
Hatukumwona. Labda tulikuwa tunamimina chai.
Bogna akatia nukta. "Hapa, benchi."
"Hapa hapana mandhari. Ni ukuta wa kufulia shuka."
"Aliyesimama hapa hakuwa akitazama."

Barazani alisema machache, sauti haikufika viti vya nyuma:
kwamba mjini humu kila kiti kina bei,
cha mkahawani kahawa, cha tramu tiketi,
cha kanisani angalau uso wa toba;
kwamba jiji linadaiwa na watu wake mahali pamoja
pa kukaa bila kuulizwa umenunua nini,
pa mke wa wakili na mfagiaji kugawana kivuli
bila kulazimika kupendana.
Uzio ulipita kwa kura mbili.
Vyuma vya mabenchi havikupita.
Mialoni aliipanda akiwa na miaka sitini na sita,
miembamba kama fito za mwavuli.
Nilimuuliza ataikalia lini. Akaniomba nishike koleo.

Miaka ishirini na miwili baadaye, mwezi Machi,
nilitoka geti la hospitali na mfuko wa nailoni,
ndani yake miwani ya Ludmiła na slipa zake.
Miguu ilikwenda nusu ya njia, ikagoma.
Benchi lilikuwa pale.
Ukuta wa kufulia, mvuke ukitoka tunduni,
shuka zikigeuka nyuma ya kioo, zikigeuka.
Kijana mmoja alikuwa amelala upande wa pili, kofia usoni;
akakunja miguu kunipa nafasi
bila kufumbua macho.
Sikutazama chochote.
Nilikaa mpaka taa zikawaka, mpaka saa mbili ikakaribia,
na mlinzi mwenye funguo, aliyekwisha tuona,
akageuka, akaanza mzunguko wake
kwa upande wa mbali.